Niliipoza kompyuta kwa gunia bichi, kazi ya wifi yangu ikapotea

Niliifunika kompyuta kwa gunia lililoloweshwa maji. Nimeanza na hilo ili ucheke sasa umalize, halafu unisikilize, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Kosa ni langu mimi. Umeme hauhusiki, ingawa ndio niliousingizia, na mpaka leo watu wa nyumbani kwetu wanautukana kwa ajili yangu.

Mimi ni mama wa nyumbani, naishi Chang'ombe hapa Dodoma. Nimesoma mpaka kidato cha nne, fizikia nilipata alama ambayo sitaiandika hapa. Ni mtu wa ndani. Sokoni naenda kwa kusukumwa, na harusini narudi kabla bibi harusi hajaingia ukumbini. Wifi yangu Zaituni, mdogo wake mume wangu, alikuwa akiniambia, "Wifi, siku ukitoka nje mbwa wa mtaa mzima watakubwekea, watadhani mgeni."

Na mimi namjibu, "Heri kubwekewa na mbwa kuliko kuposwa na wazee wa huko Makutupora unakoshinda, kama wewe."

Ndivyo tulivyokuwa. Asiyetujua angedhani tunagombana. Hakuna mtu aliyenipenda katika ukoo ule kama Zaituni, na sijui kama nitampata mwingine.

Nianze na hiyo kompyuta. Kampuni ya umma ambayo mume wangu alikuwa akiiendeshea lori iliuzwa, madereva wakapunguzwa. Wenzake walichukua kiinua mgongo wakanunua mashine za kusaga. Yeye alikwenda Dar es Salaam akarudi na kompyuta iliyotumika, kioo chake kizito kuliko mimi. Akasema zama za taipureta zimekwisha, nitachapa kwa kompyuta na tutakula. Baadaye akapata lori la mtu binafsi, akawa haonekani nyumbani. Mimi nikabaki sebuleni na mashine yangu, nachapa kadi za harusi na barua za kuomba kazi. Nilijiona nimefika.

Zaituni alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, anasomea kilimo. Ili amalize ilibidi aandike ripoti ya utafiti, na utafiti wake ulikuwa wa zabibu za Makutupora, kwa nini mizabibu ya wengine inakauka na ya wengine inazaa kama imelogwa. Msimu mzima alishinda juani na vibarua wa kuchuma, akawa mweusi hadi kaka yake akashindwa kumtambua mlangoni. Ripoti yenyewe aliiandikia kwangu, mchana baada ya mchana, kwenye kompyuta ile.

Akiikabidhi Ijumaa waliyopangiwa, anahitimu, na kulekule Makutupora alishaahidiwa kazi. Asipoikabidhi, hakuna cheti na hakuna kazi. Hilo nililijua vizuri kabisa. Usije ukanitafutia udhuru.

Mchana mmoja wa joto kali kompyuta ikajizima yenyewe, Zaituni akiwa katikati ya sentensi. Tukaiwasha, ikagoma. Ikaja kukubali jua lilipopungua. Nikamwita fundi, jina nimpe Sudi, ana kibanda cha kompyuta mjini na mdomo wake haupumziki. Alifungua kifuniko, akapuliza vumbi likatujaa puani, akasema, "Shemeji, hii imezidiwa na joto, ikajizima kujiokoa. Mazabodi yake ina vipima joto, inajipima yenyewe."

Mazabodi ni ile bodi kubwa ya ndani ambayo vitu vyote vimechomekwa juu yake. Fundi Sudi aliiwasha, akabonyeza kitufe kabla haijaamka sawasawa, ukatokea ukurasa wa bluu. Kulikuwa na joto la prosesa, yaani ubongo wa mashine, joto la bodi, na mwendo wa feni. Vipimo vya joto viwili tu. Niliviona kwa macho yangu haya.

"Lakini ukiwa unafanya kazi, ukurasa huu huwezi kuuona," akasema. "Kuna programu ya kukuonyesha joto hukohuko unakochapa. Likizidi inakupigia kelele. Niletee flopi tupu nikuwekee."

Flopi ndiyo ile diski bapa ya kubebea kazi kutoka mashine moja kwenda nyingine. Ningeweza kununua mpya njiani. Ila kununua maana yake ni kuingia dukani, kusalimia watu, kuulizwa habari za baba watoto. Nikafungua droo, nikaikuta flopi ya Zaituni ambayo alihifadhia nakala ya ripoti yake. Imeandikwa jina lake juu kwa kalamu ya kijani.

Nikajiambia, kazi yake si iko ndani ya kompyuta? Na kompyuta hii si ndiyo ninayokwenda kuilinda?

Kibandani Fundi Sudi aliichomeka akatazama. "Humu mna kitu. Nifute?"

Nikasema, "Futa."

Neno moja. Nimelirudia moyoni mara nyingi hadi limekuwa kama si la Kiswahili.

Nilirudi nyumbani nikaiweka programu, flopi nikairudisha kwenye droo ile ile. Ikafunguka vizuri, ina rangi, ina visanduku, na kila kipimo kinasoma sifuri. Joto la prosesa sifuri. Feni sifuri, nami naisikia inavuma. Nikazima, nikawasha, sifuri. Zaituni akapita nyuma yangu akasema, "Hongera wifi, umetununulia friji."

Hapo ndipo shetani aliponiingia kichwani. Nikasema hii programu itasoma, ama itasoma. Maelezo yake yalikuwa ya Kiingereza, nikayakalia na kamusi ya shule. Nikaelewa kwamba inataka kuambiwa aina ya kidude kinachopima joto kwenye bodi yangu, maana kila bodi ina chake. Basi nikafungua kifuniko, nikashika tochi, nikawa nasoma herufi zilizochorwa juu ya kila kidude cheusi kama mtu anayetafuta chawa kwenye kichwa cha mtoto. Wali uliungua jikoni. Watoto walikula mkate.

Nilikipata. Nikakichagua kwenye programu, na namba zikatokea. Prosesa ina joto lake, bodi ina joto lake, feni inazunguka kwa hesabu. Nilipiga kigelegele sebuleni peke yangu. Zaituni alikuja akanikumbatia, akasema sasa mimi ndiye injinia wa ukoo, tena injinia wa kwanza duniani asiyejua stendi ilipo.

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa naandika haya.

Ila mtu wa ndani akishapata cha kuchezea haachi. Kulikuwa na sehemu ya kuchagua vipimo gani vionekane. Mimi nikatia alama visanduku vyote, hata nisivyovijua, kama mtu anayejaza fomu ya kuomba kazi yoyote. Programu ikasema itayafuata mashine ikizimwa na kuwashwa tena. Nikazima, nikalala, nikasahau.

Kesho yake Jumatano, siku mbili kabla ya Ijumaa ile, Zaituni alikwenda Makutupora kuthibitisha mambo ya mwisho kwa wakulima. Aliniachia jedwali nimalizie kuchapa. "Wifi, nakukabidhi roho yangu," akaniambia akivaa viatu. Nikamjibu, "Roho yenyewe nyepesi hivyo, nitaiweka juu ya kabati." Akatoka anacheka.

Jua lilikuwa la kupasua ardhi. Nikaiwasha, na sijachapa hata mistari miwili, kompyuta ikaanza kulia. Pii, pii, pii. Nikaifungua ile programu, na chini ya vile vipimo viwili nikaona cha tatu, chekundu, hakina jina, kinasoma digrii mia ishirini na saba.

Ndugu msomaji, fizikia yangu ni mbovu, lakini hata mimi najua maji yanachemka kwenye mia. Nikasema mashine inaungua ndani na roho ya Zaituni imo humo humo.

Mtu mwenye akili angehifadhi kazi akazima. Mimi nilikumbuka ile siku ilivyojizima ikagoma, nikaona nikizima sasa haitaamka tena na Ijumaa imefika. Nikatoka mbio kwenda kwa jirani yangu Mama Ndahani.

Mama Ndahani ni Mgogo wa hapahapa, mama wa makamo, anauza maji baridi na juisi ya ubuyu barazani kwake. Friji hana. Ana mtungi aliouviringishia gunia bichi, ameuweka pale upepo unapopita. Kwa ukavu wa hewa yetu, gunia likilowa na upepo ukipita, maji ya ndani yanakuwa baridi hadi meno yanauma. Kila nyumba ya Dodoma inajua hilo, halihitaji shule.

"Shikamoo mama. Niazime gunia lililolowa, haraka."

"Marahaba. Nani ana homa?"

"Kompyuta."

Akanitazama. "Hiyo inakunywa au inaoga?"

"Mama, gunia."

Akavua moja kutoka kwenye ndoo, akanipa bila kuuliza zaidi.

Nililikamua vizuri, hilo nalo naomba lihesabiwe. Nikalitandika juu ya kompyuta na ubavuni kwenye matundu, nikaielekezea feni ya mezani. Nikakaa kutazama namba. Na kweli, joto la prosesa likaanza kushuka, na la bodi likashuka. Nikasema alhamdulillahi. Ile namba nyekundu peke yake haikutikisika. Mia ishirini na saba. Nikasubiri. Mia ishirini na saba. Kila kitu kinapoa, yenyewe imeganda pale pale inanikodolea macho.

Kitu kinachochemka kweli kingepungua walau kidogo. Mtoto wa darasa la tano angeliona hilo. Mimi nikaona dawa ni kuongeza maji.

Nikachukua kopo, nikaliloweka gunia tena likiwa palepale juu.

Kulitoka mlio kama wa balbu inayopasuka, moshi mweupe ukatoka nyuma, kioo kikawa cheusi. Pii pii ikanyamaza. Nikasikia maji yanadondoka ndani ya kompyuta, tone, tone, kwenye bati.

Nilichomoa waya. Nikalitupa gunia uani. Nikaifuta mashine kwa kanga zangu, nikaibeba peke yangu kuipeleka nje juani, mimi ambaye ndoo ya maji naomba kusaidiwa. Nikakaa kando yake nikiipepea kwa sinia na kuiomba. Nilisema maneno ambayo mtu humwambia mgonjwa. Watoto walikuja wakasimama mlangoni, wakaogopa kuuliza.

Nilipoichomeka tena, haikutoa hata pumzi.

Zaituni alirudi amejaa vumbi, na kifuko cha zabibu alichoniletea. Akaona mashine iko wazi, akaniona nilivyo. Nikasema kabla hajauliza, "Umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu. Umeiua."

Uongo ulinitoka laini kama salamu. Gunia lilikuwa limeshakauka uani, kwa jua lile halikuchukua muda.

Zaituni aliketi chini. Nilingoja alie. Akapumua, halafu unajua alinifanya nini? Alinishika mkono akaniambia, "Usilie, wifi. Nina nakala. Kwenye droo yako kuna flopi yangu."

Akacheka, jamani. Akasema nimemtisha bure, akasema nikamlete huyo mgonjwa wa droo tumwahishe kwa fundi.

Nikaenda chumbani. Nilisimama mbele ya droo ile nikiwa na flopi mkononi, jina lake juu yake kwa kijani, na ndani yake hakuna zabibu wala Makutupora, kuna programu yangu ya kupimia joto. Fundi akiichomeka tu, wifi yangu ataona kwa macho yake. Ningeweza kutoka nikasema. Hatua chache tu.

Nikakivuta kile kibati cha flopi, nikapitisha ukucha kwenye kile kiduara cheusi cha ndani, kwa nguvu, mara mbili tatu. Kisha nikampelekea.

Gunia lilikuwa ujinga. Hili la ukucha nililifanya nikiwa na akili zangu zote.

Kibandani Fundi Sudi aliipokea flopi, akalitazama lile jina la kijani, akanitazama mimi. Aliikumbuka. Akaichomeka. Mashine ikakwaruza, ikakwaruza, ikasema haisomi. Zaituni akasema jaribu tena. Akajaribu. Akasema jaribu kwenye mashine nyingine. Akajaribu. Mtu yule ambaye mdomo wake haupumziki hakusema lolote, hadi mwisho akatamka, "Vumbi la Dodoma, dada. Flopi hazina roho."

Kompyuta nayo aliifungua. Kile kisanduku kinachogawa umeme ndani kilikuwa kimekufa, na kilipokufa kiliiunguza na diski kuu yenye kazi zote. Zaituni alipotoka nje kujifuta uso, nikamuuliza Sudi kwa sauti ndogo, "Ile mia ishirini na saba ilikuwa nini?"

"Mia ishirini na saba ipi?"

Nikamweleza. Akasema, "Shemeji, pale hapana kipima joto. Kidude kina nafasi ya vipimo vitatu, bodi yako imewekewa viwili. Hapo patupu programu inaandika tu namba yake ya juu kabisa, basi. Ingekuwa joto la kweli ungekaangia vitumbua." Halafu akashusha sauti zaidi. "Na mlio ule ulikuwa wa hiyo hiyo. Mashine yako ilikuwa nzima."

Mashine ilikuwa nzima.

Zaituni hakulala nyumbani siku zile mbili. Alizunguka kwa wenzake na makaratasi yake ya mahojiano, akajaribu kuiandika upya kwa mkono. Ripoti ya miezi haiandikwi kwa siku mbili. Ijumaa alikwenda chuoni na kurasa pungufu, wakamwambia arudie mwaka, na nyumbani hatukuwa na uwezo wa kumrudisha. Nafasi ya Makutupora ikachukuliwa na mwenzake aliyekabidhi kwa wakati.

Sasa yuko Gulwe, kwa shangazi yao. Treni ikisimama anauza karanga madirishani.

Ungefikiri amenichukia. Ningependa anichukie. Siku anaondoka aliniambia, "Wifi, usijilaumu, umeme hauna adabu." Kila akipata mtu anayekuja Dodoma ananitumia karanga na salamu zake zilezile. "Mwambieni mtu wa ndani atoke aote jua." Watu wananiletea salamu hizo wakicheka, wanangoja nijibu utani kama zamani. Nasema tu mwambieni nimezipokea. Karanga zenyewe nawapa watoto.

Mume wangu hajui. Akirudi safari anaufokea umeme, na mimi naitikia. Mashine imefunikwa kitambaa cha kufuma sebuleni, wageni wanadhani inafanya kazi.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma, kama una kompyuta yako nyumbani na umepata programu ya kukusomea vipima joto, usiamini kila namba inayotokea. Tazama kama inapanda na kushuka, linganisha na ule ukurasa wa bluu, muulize anayejua. Ukiwa na wasiwasi, hifadhi kazi uzime. Nakala ya mtu usiiguse hata kama mnaishi nyumba moja. Na ukishaharibu, sema siku hiyohiyo, kabla aliyeumia hajakushika mkono kukufariji. Baada ya hapo mdomo haufunguki tena. Mimi nimejaribu.

Juzi ilinizidi, nikavuka uwanja hadi kwa Mama Ndahani. Alikuwa anapeta uwele. Nilimweleza yote, gunia lake, flopi, ukucha, hadi hizo karanga. Hakuacha kupeta. Nikamwambia nimeamua kuungama, nitaandika gazetini bila kutaja jina langu ili watu wajifunze, labda na mimi nitapata usingizi.

Akauweka ungo chini, akasema:

"Zaituni yuko Gulwe anauza karanga, hajui kitu, na wewe unataka kuwaambia watu wa Tanga na Bukoba. Kwani hao uliwafutia flopi?"